Prime95 kwenye kompyuta za steshenari yangu Mwanjelwa: miezi nane ya kutafuta namba tasa, nyota nne

Mwezi wa sita, ile wiki ambayo baridi inashika Mbeya mpaka watu wanafungua maduka saa tatu, aliingia dogo mmoja wa chuo dukani kwangu hapa Mwanjelwa na flashi mkononi. Shikamoo dada, naomba kuprinti. Marahaba, kurasa ngapi? Akasema sijui dada, ni namba moja tu. Nikajua labda namba ya mtihani au namba ya kulipia ada, nikachomeka flashi nikakuta faili la maandishi la mega 41, nikalifungua kwenye ile desktopu ya pembeni ikaganda palepale.

Nikamuuliza hii namba ni ya nini. Akanambia ni namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, kubwa kuliko zote zinazojulikana, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 halafu unatoa 1, ina tarakimu 41,024,320. Tukachukua kalkuleta ya kaunta tukapiga: tukipanga tarakimu 80 kwa mstari, mistari 50 kwa ukurasa, ukurasa mmoja unabeba tarakimu 4,000, kwahiyo namba nzima ni kurasa 10,257. Rimu ishirini na moja. Ukiziweka kwenye mzani ni kama kilo hamsini na moja, yaani gunia la mchele wa Kyela la kilo hamsini kabisa, na kwa bei yangu ya mia kwa ukurasa ni milioni moja na elfu ishirini na tano mia saba. Dogo akacheka akasema basi dada, ila akaniachia jambo ambalo ndo limenifanya niandike hii riviu: kwamba namba yenyewe imepatikana kupitia mradi unaoitwa GIMPS, mtu yeyote anaweza kujiunga, na programu yao ya kompyuta za kawaida inaitwa Prime95, bure kabisa.

Mi nilisoma PCM kidato cha tano na sita, hesabu nilizipenda sana na maisha yakanileta kwenye fotokopi, kwahiyo usiku ule ule nilidaunlodi. Ni miezi nane sasa, naandika nikiwa naijua vizuri.

Kwanza niseme inafanya nini, mana nimeona watu wengi mtandaoni wanaijua Prime95 kama programu ya kuitesa prosesa tu, wanaiwasha dakika ishirini kuona kama kompyuta inazima kwa joto halafu wanaifuta. Hiyo ni sehemu yake moja. Kazi iliyotengenezewa na George Woltman mwaka 1996 ni kutafuta namba tasa za Mersenne, yaani namba za aina ya 2 kwa kipeo fulani toa 1. Mersenne alikuwa mtawa wa Ufaransa, mwaka 1644 alitoa orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinatoa namba tasa: 2, 3, 5, 7, 13, 17, 19, 31, 67, 127 na 257. Alikosea kwa 67 na 257, na akaruka 61, 89 na 107. Ila jina likabaki lake, na mi naona ni haki, kwa zama zile bila hata kalkuleta.

Hiyo 67 ninaipenda sana. Mwaka 1903 Mmarekani mmoja anaitwa Cole alionyesha kwamba 2 kwa kipeo cha 67 toa 1 ni sawa na 193,707,721 mara 761,838,257,287. Chukua karatasi uzidishe mwenyewe, utapata 147,573,952,589,676,412,927. Mi nilifanya hivyo siku ya mvua ambayo wateja hawakuja, ilinichukua karibu saa nzima na nilikosea mara mbili, na nilipofika kwenye 7 ya mwisho nilisisimka kweli. Watu walijua kabla ya Cole kwamba namba hiyo si tasa, Mfaransa mmoja anaitwa Lucas alishathibitisha kwenye miaka ya 1870, lakini hakuna aliyekuwa anajua inagawanywa na nini. Hapo ndo nilielewa kitu ambacho shuleni sikukielewa, kwamba kujua namba si tasa ni jambo moja na kuvijua vigawo vyake ni jambo lingine kabisa, unaweza kuwa na la kwanza bila la pili kwa miaka na miaka.

Sasa kwanini aina hii ya namba na sio nyingine? Kwa sababu zina njia ya mkato ya kuzipima. Namba ya kawaida yenye tarakimu milioni arobaini huwezi kuithibitisha kwa kompyuta yoyote kwa muda wa maana, lakini za Mersenne zina kipimo cha Lucas na Lehmer, na ni kirahisi mpaka unaweza kukifanya kaunta. Unaanza na 4. Unazidisha kwa yenyewe, unatoa 2, unagawa kwa namba unayoipima, unabaki na baki. Unarudia. Kama kipeo ni p unarudia mara p toa 2, na baki la mwisho likiwa sifuri basi namba ni tasa, lisipokuwa sifuri si tasa, hakuna katikati.

Chukua kipeo 5, namba ni 31. Unaanza 4. Mara yenyewe 16, toa 2 ni 14. 14 mara 14 ni 196, toa 2 ni 194, gawa kwa 31 baki 8. 8 mara 8 ni 64, toa 2 ni 62, gawa kwa 31 baki sifuri. Hatua tatu, 31 ni tasa. Sasa chukua kipeo 11, namba ni 2047. Hapo zinakuja 4, 14, 194, 788, 701, 119, 1877, 240, 282, na ya mwisho 1736. Sio sifuri, kwahiyo 2047 si tasa, na kweli ni 23 mara 89, ila angalia kipimo hakikukwambia 23 wala 89, kimekwambia hapana tu. Nilimfundisha mdogo wangu aliyeko kidato cha pili, kafanya yote kwa kalkuleta ya simu na alipofika 1736 akaniuliza dada hii 1736 ina maana gani, nikamwambia yenyewe peke yake haina, maana yake ni kwamba sio sifuri.

Prime95 inafanya hesabu ya namna hiyo hiyo, ila kwa namba yenye tarakimu milioni arobaini na mara zaidi ya milioni mia. Siku hizi kipimo cha kwanza inachotumia ni kingine kidogo, inachukua 3 inaizidisha kwa yenyewe, jibu linazidishwa kwa lenyewe, tena na tena, halafu inaangalia baki la mwisho. Sababu ya kubadilisha ni kwamba hicho kina namna ya kujihakiki katikati ya safari, ni kazi ya jamaa anaitwa Robert Gerbicz, kompyuta ikikosea hata tarakimu moja programu inagundua na inarudi nyuma ilipokuwa salama. Cha Lucas na Lehmer kinabaki kuwa cha kuthibitishia pale namba inapoonekana ni tasa. Kukamata makosa ya kompyuta kwa namna kama hii ndo kumeniokoa mimi, nitafika huko.

Kuinstoli hakuna ugumu. Ukiifungua mara ya kwanza inauliza unajiunga na mradi au unataka kuipima mashine tu, ukijiunga unatengeneza akaunti, unaweza kutumia jina la utani, halafu seva yao inakupa kipeo. Kwa mashine yangu ya kwanza kazi ya kwanza haikuwa namba mpya, ilikuwa kurudia kazi ya mtu mwingine kuhakiki, kipeo cha milioni sabini na kitu, ikachukua karibu wiki tatu nikiwasha usiku tu kuanzia nafunga duka saa mbili. Baadae nikapewa za milioni mia thelathini na kitu, hizo kila moja karibu miezi miwili. Nimemaliza tatu. Zote tatu si tasa.

Kwa wateja haileti shida, nimejaribu kuiacha mchana, inajiweka nyuma ya programu zote, ukichapa barua huisikii kabisa. Unachosikia ni feni. Mwezi wa saba Mbeya hilo sio tatizo, chumba kina baridi yake na kompyuta inakuwa kama jiko dogo, mama anayekaanga viazi hapo nje alikuwa anaingia asubuhi kuweka mikono karibu na feni. Ila mwezi wa kumi na wa kumi na moja jua likiwa kali niliacha mchana nikabaki na usiku tu, na kama we uko Kyela au Usangu kwenye joto ningekushauri uiwekee mipaka ya muda kwenye mipangilio.

Umeme. Hili watu wanauliza sana. Desktopu yangu ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zote inakula kama wati tisini, masaa kumi na mawili ni uniti moja na kidogo, kwa mwezi ni uniti thelathini na tatu hivi, kwa bei ya shilingi mia tatu hamsini na kitu kwa uniti ni karibu elfu kumi na mbili kwa mashine moja. Sio hela ya kufumba macho, mi nimeamua kuitoa kama mtu anavyotoa hela ya gazeti. Umeme ukikatika hupotezi kazi, inahifadhi yenyewe kila nusu saa, mi nikaibadilisha iwe kila dakika kumi mana huku kwetu msimu wa mvua umeme unacheza.

Kilichonikera ni bando. Tangu 2020 ukimaliza kipimo programu inatengeneza faili la uthibitisho, ili mtu mwingine ahakiki kwa kazi ndogo sana badala ya kurudia yote, wazo zuri mno, lakini kwa vipeo vya sasa faili ni zaidi ya mega mia na linapandishwa kwenye seva, na wakati kipimo kinaendelea inakalia giga kadhaa za diski. Mtu mwenye faiba hataona. Mtu anayetumia hotspoti ya simu atashtuka asubuhi bando limekwenda. Ipo sehemu ya kuchagua saa za kupandisha na kiasi cha diski, iguse mapema kabla ya yote, mi niliijua nikiwa nimeshaliwa. Na yote ni Kiingereza, maelezo marefu, mtu ambaye Kiingereza kinampa shida atahitaji wa kukaa nae mara ya kwanza. Kwa hayo mawili nimepunguza nyota moja.

Sasa ile desktopu ya pembeni, iliyoganda siku ya dogo. Niliinunua used kwenye duka moja hapa mjini, jina naliacha, waliniambia imepimwa na iko safi. Miezi mitano ilikuwa inanitesa. Inaganda bila sababu, inazima na kuonyesha ile skrini ya bluu, na siku moja ilikula ripoti ya mazoezi ya mwanafunzi, kurasa arobaini nilizochapa mimi mwenyewe, faili likawa halifunguki tena. Yule binti alilia mbele yangu. Nikachapa upya usiku kucha bila kumchaji, na hilo jambo mpaka leo linaniuma. Nilipoirudisha dukani wakasema ni virusi, wakaweka Windows upya wakanichaji, ikarudi ileile. Nikaenda tena wakasema dada mashine haina shida, ni matumizi.

Nikaiwekea Prime95, sikuiunganisha na mradi, nikachagua lile jaribio la kuitesa. Linafanyaje? Linapiga hesabu zilezile za namba kubwa ambazo majibu yake yanajulikana tayari, halafu linalinganisha. Hesabu hazina virusi na hazina matumizi mabaya, 14 mara 14 ni 196 iwe Mwanjelwa au iwe Marekani. Dakika ya nne ikasimama ikaandika imegundua hitilafu ya vifaa. Nikarudia, dakika ya sita. Nikampelekea fundi wangu wa Kabwe, kijana mtulivu sana, akafungua akatoa RAM moja, zile kumbukumbu za muda za kompyuta, akaacha moja, ikapita usiku mzima bila kosa. Akaitoa hiyo akaweka ile nyingine, dakika tatu imeanguka. Akainua ile RAM mbovu akanambia dada, hii ndo adui yako. Elfu thelathini tukaweka nyingine, na tangu siku hiyo mashine haijaganda hata mara moja.

Na mi sio wa kwanza kukuta kompyuta ina kasoro kwa sababu ya namba tasa. Mwaka 1994 profesa wa hesabu Marekani, Thomas Nicely, alikuwa anapiga hesabu za namba tasa pacha, zile zinazofuatana kwa tofauti ya mbili kama 11 na 13, akakuta majibu hayalingani, na akafuatilia mpaka akagundua prosesa ya Pentium yenyewe inakosea kugawanya. Hesabu hizi zinataka kila tarakimu iwe sahihi, ndo mana zinafichua kitu ambacho Word na muziki na filamu havifichui. Kwahiyo hata kama namba tasa hazikuhusu kabisa, ukitaka kununua kompyuta used omba uiwashie hili jaribio nusu saa kabla hujatoa hela. Muuzaji akikataa, ondoka.

Turudi kwa namba yenyewe mana kuna watu watauliza inasaidia nini. Nitasema ukweli, hiyo ya tarakimu milioni 41 haifungui kitu chochote, ni kubwa mno kwa matumizi. Ila ndugu zake wadogo unawatumia kila siku. WhatsApp inafunga meseji zako kwa hesabu iliyojengwa juu ya namba tasa 2 kwa kipeo cha 255 toa 19, tarakimu 77. Na ile 2 kwa kipeo cha 521 toa 1, ambayo ni ya Mersenne kabisa, iliyopatikana 1952 kwa kompyuta za mwanzo mwanzo, leo ipo kwenye viwango vya usalama wa mtandao. Aliyeipata 1952 hakuwa anatafuta usalama wa mtandao, mtandao wenyewe haukuwepo.

Halafu ile kubwa ya tarakimu milioni 41 ina sifa ambazo mi nikizifikiria nasahau kufunga duka. Ukiiandika kwa mfumo wa kompyuta wa 0 na 1, ni 1 tupu, zipo milioni 136 na ushee zimepangana bila sifuri hata moja. Kipeo chake lazima nacho kiwe tasa, mana kipeo kikigawanyika namba nayo inagawanyika, angalia 2 kwa kipeo cha 6 toa 1 ni 63, inagawanyika kwa 3 na kwa 7. Ila kipeo kuwa tasa hakutoshi, tumeona 11. Na kama namba ya aina hii ingekuwa na kigawo, kigawo hicho lazima kiwe kipeo mara mbili mara namba fulani jumlisha 1. Kwa 2047, 23 ni 22 jumlisha 1, na 89 ni 88 jumlisha 1, 88 ni 22 mara nne. Sasa kwa hiyo kubwa maana yake hakuna kigawo ambacho kingeweza kuwa chini ya 272,559,683, yaani kabla hujaanza kutafuta umeshazitupa namba milioni mia mbili sabini na mbili. Prime95 na wenzake wanaanza hivyohivyo, wanawinda vigawo vidogo kwanza, kipeo kikinusurika ndo kinapelekwa kwenye kipimo kirefu.

Na kila namba tasa ya Mersenne inazaa namba kamilifu. 6 ni kamilifu, vigawo vyake 1, 2 na 3 ukijumlisha unapata 6. 28 hivyohivyo, 1 na 2 na 4 na 7 na 14. Euclid, Mgiriki wa kale, alionyesha njia, unachukua 2 kwa kipeo pungufu ya moja unazidisha na namba tasa yako, na Euler miaka elfu mbili baadae akathibitisha kwamba namba kamilifu zote za shufwa lazima zipite njia hiyo. Kwahiyo siku ile Oktoba 2024 namba tasa ilipopatikana, ilikuja na namba kamilifu yenye tarakimu 82,048,640, pacha wake. Namba kamilifu ya witiri hakuna mtu duniani aliyewahi kuiona, wala hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.

Kuhusu hela, zipo lakini usijiunge kwa ajili hiyo. Mradi unatoa dola 3,000 kwa atakayepata mpya, na kuna zawadi ya dola 150,000 inayomsubiri wa kwanza kupata namba tasa yenye tarakimu milioni 100. Tangu 1996 mradi umepata 18 tu kwa dunia nzima. Kati ya ile ya Desemba 2018, aliyoipata Patrick Laroche wa Florida kwa kompyuta ya kawaida, na hii ya 2024, ilipita karibu miaka sita bila kitu. Na hii ya mwisho Luke Durant, aliyewahi kufanya kazi NVIDIA, kampuni inayotengeneza kadi za GPU, zile za kuchakata picha, aliipata kwa kukodi maelfu ya kadi hizo kwenye nchi 17, kadi moja iliyoko Dublin ikatoa ishara, nyingine ya San Antonio ikathibitisha kesho yake, tarehe 12. Kwa nguvu hizo desktopu yangu ya Mwanjelwa iko mbali sana, najua. Lakini vipeo vyangu vitatu na kile nilichohakiki hakuna atakayevirudia tena kuanzia mwanzo, majibu yake yameandikwa pale na jina langu la utani pembeni. Mtu akipanga orodha ya vipeo vilivyopimwa, hivyo vinne vimepimwa Mbeya.

Kwa nani ningeipendekeza: walimu wa hesabu, hasa kama shule ina chumba cha kompyuta kinacholala usiku, wanafunzi wa kompyuta, na yeyote anayeuza au kununua mashine used. Kwa mwenye laptopu moja tu ya kazi nitasema subiri, tumia lile jaribio la kupima mashine halafu basi, usiichoshe laptopu miezi.

Dogo alirudi mwezi wa pili, sasa yuko mwaka wa mwisho. Nikamwambia leta flashi. Tukafungua lile faili kwenye desktopu ileile ya pembeni, na RAM mpya, likafunguka lote, tukaliteremsha mpaka chini kabisa. Akasema dada naomba ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Wa kwanza unaanza 8816 umejaa mpaka chini. Wa mwisho, wa 10,257, una mistari minne tu, tarakimu 320, kwingine kote kweupe. Kabla hatujaprinti nilimuuliza kama anajua itaishia na ngapi bila kuangalia, akafikiria kidogo: 2 ukiizidisha kwa 2 tena na tena majibu yanaishia 2, 4, 8, 6 halafu yanarudi, 136,279,841 ukigawa kwa nne baki moja, kwahiyo 2, toa 1. Tarakimu ya mwisho ni 1. Karatasi ikatoka, tukaangalia kwenye kona ya mstari wa nne, ipo. Aliondoka na ukurasa wa kwanza, huu wa mwisho kaniachia, nimeubandika ukutani juu ya printa.